PAMPU YA MOYO NA KAZI YA WALIO NYUMBANI

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wa mwaka, Bunju)



Katibu wetu aliponiandikia aliniomba nieleze maendeleo niliyoyapata nchi za nje. Nimemwomba ruhusa nieleze kazi badala ya maendeleo, maana kazi ndiyo inayoweza kuwafaa ninyi. Mimi si daktari. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka 12 katika hospitali moja ya Uingereza kazi yangu ilikuwa kuwatunza watu ambao mioyo yao imechoka, wakawekewa pampu ya mashine kifuani iwasaidie kusukuma damu. Leo nafundisha wauguzi hapa nyumbani. Nataka kuwaeleza pampu hiyo ni kitu gani, inatunzwaje, na kwa nini nadhani habari yake inatuhusu sisi wa Bunju, Boko, Tegeta na Mabwepande, hata kama wengi wetu hatutaiona kwa macho.

Moyo unaposhindwa

Kwanza tuelewane juu ya jina. Tukisema moyo umeshindwa kufanya kazi hatuna maana kwamba umesimama. Moyo uliosimama ni mauti. Moyo ulioshindwa unapiga, lakini damu unayoisukuma haitoshelezi mwili.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama lita tano za damu kila dakika. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wapige hesabu: lita tano kwa dakika 60, kwa saa 24, ni lita 7,200. Mapipa yetu ya kuhifadhia maji yana lita 200. Basi kila siku ya Mungu moyo wako, ulio sawa na ngumi yako, husukuma mapipa 36. Hupiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku, na haupewi likizo.

Ukichoka, maji hujikusanya mwilini. Miguu huvimba, ukibonyeza kwa kidole shimo hubaki. Mgonjwa hawezi kulala chali. Huongeza mto wa pili, wa tatu, mwisho hulala ameketi. Ngazi tatu humtoa pumzi. Mara nyingi majirani husema amerogwa, au ana pumu, au ni uzee tu. Miezi hupita katika kutafuta mchawi, na moyo unazidi kutanuka.

Je, ni nini kinachouchosha? Watu wengi hudhani ni mafuta kuziba mishipa ya moyo, kama ilivyo Ulaya na Marekani. Kwetu sivyo ilivyo kwa wengi. Madaktari wetu waliwachunguza wagonjwa 427 wa moyo ulioshindwa pale Muhimbili, wakatoa taarifa yao mwaka 2014. Wastani wa umri wa wagonjwa ulikuwa kama miaka 55 tu. Chanzo kilichoongoza kilikuwa shinikizo la juu la damu, yaani presha, kwa wagonjwa kama 45 katika kila 100. Baada yake yalikuja magonjwa ya msuli wa moyo wenyewe, kisha vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Mishipa iliyoziba ilikuwa chini ya mgonjwa mmoja katika kumi. Naomba mzikumbuke hesabu hizi, nitazirudia.

Safari ya pampu

Wazo la kuusaidia moyo kwa mashine si jipya. Mwaka 1953 daktari John Gibbon wa Marekani alifanikiwa kumpasua mgonjwa moyo huku mashine ikishika kazi ya moyo na mapafu. Mashine ya namna hiyo tunayo. Ndiyo iliyowezesha upasuaji wa moyo uliofunguliwa kuanza Muhimbili mwaka 2008, na ndiyo inayotumika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015. Kabla ya hapo wagonjwa wetu walipelekwa nje, hasa India. Lakini mashine hiyo ni ya saa chache, mgonjwa akiwa amelala mezani hana habari.

Swali lililofuata likawa: je, yaweza kupatikana pampu ya kukaa na mtu siku nyingi? Mwaka 1966, mjini Houston, daktari Michael DeBakey alimwekea mama mmoja pampu ya kuusaidia moyo kwa siku chache. Moyo ulipata nguvu, pampu ikaondolewa, mama akapona. Mwaka uliofuata, Desemba 1967, Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza, mjini Cape Town, katika bara letu hili. Mwaka 1982 mganga wa meno wa Marekani aitwaye Barney Clark aliondolewa moyo wake mbovu akawekewa moyo kamili wa bandia. Aliishi siku 112, lakini alikuwa amefungwa kwa mabomba kwenye mtambo mkubwa wa kusukuma hewa.

Mwaka 2001 utafiti uliofanywa Marekani juu ya wagonjwa 129, ambao hawakufaa kupandikizwa moyo, ulionyesha jambo kubwa. Kati ya waliopewa dawa peke yake, robo tu walikuwa hai baada ya mwaka. Kati ya waliowekewa pampu walikuwa hai zaidi kidogo ya nusu. Pampu za wakati huo zilikuwa nzito, zenye vali na mfuko wa kubana na kuachia, nazo zilichakaa upesi. Za leo ni ndogo zaidi. Iitwayo HeartMate 3, ambayo ndiyo niliyoizoea, yajaa katika kiganja. Katika utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2022, wagonjwa 58 kati ya kila 100 waliowekewa pampu hiyo walikuwa hai baada ya miaka mitano.

Inavyofanya kazi

Bunju hakuna asiyejua pampu ya kisima. Mota inazungusha gurudumu lenye mapanga, maji yanavutwa katikati na kutupwa pembeni, yanapanda bombani mpaka kwenye tangi. Pampu ya moyo ni ya ukoo huohuo. Hushonewa kwenye ncha ya chumba cha chini cha kushoto cha moyo, kile chenye kazi ya kusukuma damu mwilini. Damu huingia, gurudumu huizungusha kwa mizunguko elfu tano au zaidi kwa dakika, nayo hutoka kwa bomba laini mpaka kwenye mshipa mkuu. Moyo wenyewe haukatwi ukatupwa; unabaki palepale, unasaidiwa.

Walimu wa fizikia watapenda jambo moja. Gurudumu hilo haligusi kitu. Limening'inizwa kwa sumaku ndani ya damu, kwa hiyo hakuna beringi ya kulika wala ya kutia grisi, na chembe za damu hazisagwi.

Umeme huingia kwa waya mmoja unaotoka ndani ya tumbo kupitia tundu dogo kwenye ngozi. Nje waya huo umeunganishwa na kidhibiti, kijisanduku kinachovaliwa mkandani, na kidhibiti kimeunganishwa na betri mbili zinazobebwa kama bastola, moja kila upande. Jozi moja ya betri ikiwa mpya na imejaa yaweza kufika saa 17. Usiku mgonjwa huunganishwa na umeme wa ukutani. Betri zote mbili zikitoka, ndani ya kidhibiti kuna akiba ya dakika kama 15 tu, ya kukimbilia nyingine.

Sasa sikieni linalowashangaza watu wote. Kwa kuwa gurudumu linazunguka bila kukoma, damu haiendi kwa mapigo, inakwenda kama maji ya mferejini. Ukimshika mgonjwa kifundo cha mkono, aghalabu hupati mapigo. Mashine ya kawaida ya kupima presha mara nyingi inagoma. Mtu anakutazama, anazungumza, anakula muhogo, na kwa kidole chako yeye ni maiti. Ukitaka kujua kama pampu yake inafanya kazi unaweka sikio au kipimo cha kifuani, unasikia mvumo kama wa nyuki waliofungiwa. Kwa hiyo muuguzi asiyefundishwa aweza kumtangaza amekufa mtu aliye hai.

Mgonjwa anavyotunzwa

Upasuaji huchukua saa kadhaa. Utunzaji huchukua maisha yote yaliyobaki. Kwa sehemu kubwa hautunzwi na daktari wala na mimi, unatunzwa na mgonjwa mwenyewe na watu wa nyumbani kwake. Hatukumruhusu mgonjwa hata mmoja kutoka hospitali mpaka yeye na ndugu yake mmoja wafaulu mtihani. Mtihani wenyewe ulikuwa na mambo matano.

La kwanza ni umeme. Betri hubadilishwa moja moja, kamwe si mbili kwa mpigo. Pampu hii haina vali ndani yake. Ikisimama, damu hairudi tu katika hali ya zamani. Yaweza kurudi kinyumenyume kutoka mshipa mkuu na kuujaza moyo uliokwisha choka.

La pili ni tundu la waya. Ngozi iliyotobolewa ni mlango wa vijidudu. Kidonda husafishwa kwa utaratibu uleule, mikono imeoshwa, bandeji safi, na waya umefungwa usivutwe. Mgonjwa haogelei tena maishani maadamu ana pampu.

La tatu ni damu yenyewe. Damu ikigusa chuma hutaka kuganda. Mgonjwa humeza wafarini kila siku, na kipimo kiitwacho INR hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikishuka, bonge la damu laweza kwenda ubongoni. Kikipanda, mgonjwa huvuja damu tumboni au kichwani. Zamani tuliongeza na aspirini, lakini mwaka 2023 utafiti ulionyesha kwamba wenye HeartMate 3 wakiachishwa aspirini huvuja damu kidogo zaidi, bila mabonge kuongezeka. Mboga za majani kama mchicha, matembele na kisamvu hupunguza nguvu ya wafarini. Hatumwambii mgonjwa aache mboga. Twamwambia ale kiasi kilekile kila juma, dawa ipimwe kwa chakula chake.

La nne ni presha. Pampu ya kisima ikipandishia tangi lililo juu sana hutoa maji machache. Hali kadhalika presha ya mgonjwa ikipanda, pampu hutoa damu kidogo, na ubongo huwa hatarini.

La tano ni uzito. Kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya chai, mgonjwa hupanda kwenye mizani na kuandika daftarini. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo mbili kwa siku tatu, hayo si mafuta, ni maji, na sharti apige simu siku hiyohiyo.

Nina ushuhuda wa namna mambo hayo yanavyotendeka hapahapa petu.

Aliyekuja kumwona mama yake

Miongoni mwa wagonjwa wangu alikuwamo ndugu yetu mmoja mwenyeji wa upande huu wa Bagamoyo Road, aliyekuwa akifanya kazi ya ghala huko Uingereza. Nikimwita kaka, naye akiniita mdogo wangu. Tangu hajaondoka Tanzania alikwisha ambiwa ana presha. Alimeza vidonge miezi mitatu, akajiona mzima, akaacha. Baada ya miaka mingi alifikishwa hospitali hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi. Aliwekewa pampu huku akingoja moyo wa kupandikizwa, kwani huduma ya afya ya taifa ya huko hutoa pampu hizi hasa kwa watu wanaongojea moyo.

Siku moja alinieleza kwamba mama yake, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, ameanguka, naye anataka kwenda Bunju. Nilimjibu kama kazi ilivyonitaka.

"Kaka, ukiwa safarini jina lako litasimamishwa katika orodha. Moyo ukipatikana siku hizo, utapewa mwingine."

Akasema, "Mdogo wangu, moyo wa mtu nisiyemjua naweza kuungoja. Mama hangoji."

Madaktari walimpima wakaona anaweza kusafiri, na uamuzi ulikuwa wake. Kazi yetu ikawa kumfikisha na kumrudisha. Maandalizi yalichukua wiki sita. Tuliandika barua kwa madaktari wa moyo hapa Dar es Salaam na kwa shirika la ndege. Alibeba betri nane, chaja, na kidhibiti cha akiba, vyote katika mzigo wa mkononi, maana betri za aina hiyo hazitiwi chini ya ndege. Bahati nzuri umeme wa Tanzania ni volti 230 kama wa Uingereza, na plagi ya miguu mitatu ni ileile. Tulimtafuta mtu wa nyumbani wa kufundishwa, akapatikana mpwa wake, binti wa Kidato cha Tatu. Nilimfundisha kwa simu, jioni saba mfululizo. Nikimwuliza: king'ora cha mlio mmoja usiokatika, maana yake nini? Akijibu: pampu imesimama, Mjomba, naangalia waya kwanza, betri baadaye, halafu napiga simu. Alifaulu kuliko wauguzi kadhaa ninaowajua.

Nami nilikuwa likizo nyumbani siku hizo, kwa hiyo niliyaona. Usiku wa tatu umeme ulikatika saa nne. Kwa desturi hatupendi mgonjwa alale akiwa kwenye betri, kwani aweza asisikie king'ora. Binti yule hakupaparika. Alimwunganisha mjomba wake na betri zilizojaa, akaandika saa kwenye daftari la hesabu, akavuta kiti karibu na kitanda, akakesha akisoma kwa tochi. Umeme ulirudi alfajiri. Kwa jozi nne alizokuwa nazo mjomba wake, alikuwa na akiba ya zaidi ya siku mbili. Binti aliijua hesabu hiyo, ndiyo maana hakuogopa.

Chakula kilileta mjadala. Mashangazi walipika kisamvu cha nazi kila siku kwa kumpenda, naye hakutaka kuwavunja moyo. Binti akaenda jikoni akawaeleza juu ya wafarini, wakakubaliana kisamvu siku mbili kwa juma, kwa kijiko kilekile. Bahari aliitazama kutoka ufukweni, hakuingia. Bibi mmoja jirani alimshika mkono akatafuta mapigo, akakosa, akaanza kusoma dua. Kaka akamchukua mkono akauweka kifuani pake, akamwambia, "Sikiliza hapa, Bibi." Bibi akasikia mvumo, akacheka mpaka akafuta machozi.

Alikaa na mama yake siku 12. Alirudi Uingereza salama, jina likarudishwa katika orodha. Mama alifariki baada ya miezi minne. Yeye aliishi karibu miaka miwili zaidi, kisha akafariki kwa damu iliyovuja kichwani, moja ya hatari za pampu hizi nilizozitaja. Moyo wa kupandikizwa haukupata kupatikana. Nilikuwapo zamu siku aliyofariki. Pampu yenyewe ilikuwa ikizunguka sawasawa, na ilibidi daktari aamuru izimwe.

Aliniachia agizo, nami nalitimiza leo. Alisema: "Waambie vijana wa kule nyumbani kwamba sikuumwa na moyo. Niliumwa na vidonge nilivyoviacha."

Tunajifunza nini?

Ndugu zangu, baada ya mazungumzo kama haya swali la kwanza huwa: je, na sisi tutaletewa lini pampu hizi? Afrika Kusini zimekwisha wekwa. Katika Afrika Mashariki bado si tiba ya kawaida. Bei ya pampu peke yake ni makumi ya maelfu ya dola, kabla hujahesabu upasuaji, betri, na wauguzi wa kupokea simu usiku na mchana. Naamini siku itafika, na vijana wa shule hii watakuwamo katika kuileta. Sisemi tusiitamani.

Lakini tazameni tena yale mambo matano. Pampu huja kwa ndege ndani ya sanduku, na daktari bingwa naye aweza kuja kwa ndege. Mkono ulionawa, kidonge kilichomezwa kwa saa yake, daftari la uzito, mtu wa kukesha kitandani, havitoki katika sanduku. Hivyo hutoka nyumbani. Na nyumba ile ya Bunju, yenye binti wa Kidato cha Tatu na daftari la hesabu, ilivitoa vyote.

Jambo la pili ni hili. Mgonjwa wa moyo ulioshindwa asiye na pampu, ambaye ndiye mgonjwa wetu wa kila siku, anahitaji karibu mambo hayohayo. Anahitaji dawa zake kila siku bila kukosa. Siku hizi madaktari hutumia makundi manne ya dawa kwa pamoja kwa moyo uliopoteza nguvu ya kusukuma, nazo zimethibitika kurefusha maisha, mbali na ile Lasix ya kutoa maji. Anahitaji chumvi kidogo. Anahitaji kupimwa presha. Anahitaji mizani. Anahitaji mtu wa kumwuliza, "Leo umemeza?" Ukiondoa pampu na wafarini, utunzaji ni uleule. Kutoka hapa mpaka Muhimbili ni zaidi ya kilomita 30, na foleni mnaijua. Mgonjwa akisubiri mpaka apate taabu ya kupumua usiku, barabara hiyo ni ndefu mno. Mizani ya asubuhi ingemwambia siku tatu kabla.

Na jambo la tatu nalirudisha kwenye hesabu za Muhimbili. Karibu nusu ya mioyo ile ilichoshwa na presha. Presha haiumi. Ndiyo sababu watu huacha dawa: wanangoja maumivu yawakumbushe, na maumivu hayaji. Wanaojiona wazima baada ya miezi mitatu ya vidonge ni wazima kwa sababu ya vidonge.

Ombi langu

Kwenu wanafunzi nina mambo mawili. Kwanza, mwenzenu akiumwa koo na homa, msimwache anywe maji ya limao tu akangoja. Apelekwe kituo cha afya. Koo la namna fulani lisilotibiwa, hasa kwa watoto wa miaka mitano hadi 15, huleta homa ya baridi yabisi, nayo huharibu vali za moyo. Dawa ya koo hilo ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, na aliyekwisha ugua homa hiyo huchomwa sindano kila wiki tatu au nne ili isirudi. Upasuaji wa vali hauna unafuu huo. Pili, msidhani masomo haya ni ya mtihani peke yake. Mmesikia leo sumaku, shinikizo, umeme, na kujumlisha saa za betri. Yule binti alimlinda mjomba wake kwa hesabu za kawaida.

Kwetu wanafunzi wa zamani, wengi tumekaribia au tumepita umri ule wa wastani niliousoma, miaka 55. Mwaka jana tulichanga tukanunua viti vya ukumbi huu, na ni jambo jema. Napendekeza mwaka huu tununue mashine mbili za kupimia presha na mizani moja nzuri, zikae katika chumba cha huduma ya kwanza cha shule chini ya mwalimu wa zamu. Kila mkutano wa mwaka, kabla ya kandanda na kabla ya pilau, kila mmoja wetu apimwe, namba iandikwe katika daftari la chama. Atakayekuwa na presha aelekezwe hospitali ya wilaya au Mwananyamala, na mwaka unaofuata tumwulize mbele ya wenzake kama anameza dawa. Tulikuwa tukiulizana kazi ya nyumbani. Tunaweza kuulizana hili.

Nimeleta mashine moja leo. Iko kwenye meza ile karibu na mlango, na wanafunzi wawili wa Kidato cha Nne wamekwisha fundishwa kuitumia. Naomba Ndugu Mwenyekiti awe wa kwanza, nami nitamfuata, na asiyetaka kupimwa asikae karibu na sinia la pilau.